Noti Niliyoitoa Mbele ya Jopo

Saa tatu kamili asubuhi mlango wa chumba cha jopo ulifunguliwa, na mtu wa kwanza niliyemwona mezani alikuwa shemeji yangu.

Hakutakiwa kuwa pale. Alitakiwa kuwa pamoja nami, katika mstari wa besi, ndani ya kwaya iliyokuja kuimba chini ya mkono wangu.

Kwa anayeanza kunisoma leo, haya ndiyo yaliyotangulia. Mimi ni mwalimu wa muziki shuleni. Mwaka jana homa ilinilaza, na ilipoondoka iliondoka na sikio langu la kushoto. Sikuwa kiziwi. Sikio linasikia, ila kila noti linaisikia nusu toni juu ya mahali ilipo, wakati la kulia linaisikia sawasawa. Nikisikiliza kwa yote mawili, noti moja huwa mbili, na hazipatani. Daktari alisema mshipa umeharibika na hauna dawa. Nikaanza kuliziba kwa nta, nikashusha kitambaa cha kichwa juu yake, na sikumwambia mtu.

Mchwa wakala kinanda cha shule. Vipindi vyangu vikapunguzwa. Kisha ikafika zamu yangu mbele ya chama.

Chama cha Kitaifa cha Walimu wa Muziki wa Shule si kikubwa. Kina ofisi ya vyumba viwili, ukumbi wa kukodi, na sheria moja inayong'ata: kila baada ya miaka mitano mwanachama husimama mbele ya jopo la watu watatu, apimwe anavyosikia. Akipita, anapewa cheti. Asipopita, hagusi darasa la muziki.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia kwamba nikirudi bila cheti nitakabidhiwa stoo ya vitabu, na vipindi vya muziki vitapewa hesabu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetangaza mabadiliko ya ratiba, na kwake yalikuwa hayo tu.

Kwangu ndiyo ilikuwa kazi ya pekee niliyowahi kuifanya.

Mwenyekiti wa chama, mwanamke niliyesoma naye chuo cha ualimu, alieleza habari ya shemeji. Mtahini wa tatu ameamka mgonjwa, kanuni inataka watatu, na kati ya wanachama waliokuwa ukumbini mwenye sifa alikuwa huyu mume wa mdogo wangu, ambaye chama kizima kinamwita Besi. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi kwa sababu ya undugu.

Mtahini wa pili alikuwa mzee tunayemwita Fundi, aliyemaliza ujana wake akifundisha vyombo na kurekebisha vinanda vya shule za watu.

"Chama chenyewe hiki kidogo," akasema. "Ukimtoa kila mwenye shemeji humu, jopo litabaki viti. Andika, tuendelee."

Nilifurahi. Nilidhani nimepata kura kabla sijafungua mdomo.

"Shemeji," nikamnong'oneza nilipopita karibu na kiti chake, "leo ukiniangusha nahamia kwako na masufuria yangu yote."

Kwa kawaida hunirudishia maneno mawili kwa kila moja langu. Siku nyingine angesema masufuria yaje, mwenyewe nibaki. Siku ile alisema, "Karibu, Mwalimu," akatazama karatasi zake.

Tangu amwoe mdogo wangu hakuwahi kuniita mwalimu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa imla. Fundi aliketi kwenye kinanda, akapiga vipande vya wimbo, nami nikaviandika kwa sol-fa. Sikukosea hata kimoja. Sol-fa haikuulizi noti iko wapi duniani. Inakuuliza iko umbali gani kutoka Do, na umbali haukuharibiwa na homa.

Sehemu ya pili ilikuwa kusoma wimbo nisioujua na kuuimba papo hapo. Nikaimba. Mwenyekiti aliandika kitu, akanitazama kwa jicho la kirafiki. Hata Fundi alitikisa kichwa kukubali, na Fundi ni mtu ambaye harusini kwake aliwahi kusimamisha bendi ili gitaa likazwe nyuzi.

Nilianza kuwaza nitakavyomwekea mwalimu mkuu cheti mezani bila kusema neno.

Sehemu ya tatu ilikuwa kwaya.

Kwaya yangu ni ya tawi letu la chama, walimu wa muziki watupu. Hufanya mazoezi katika chumba cha sayansi cha shule ya jirani, kati ya masinki na mifupa ya plastiki, na chumba hicho hakina kinanda. Nimeiongoza miaka sita. Mwaka wa mwisho, mwaka wa sikio, watu walisema imeimba vizuri kuliko miaka yote. Ndiyo sababu niliichagua inisindikize.

Wimbo ulichaguliwa na jopo. Ubeti wa kwanza huimbwa bila chombo. Wa pili, kinanda kinaingia.

Waliingia, wakajipanga: soprano na alto kulia kwangu, tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, na besi kushoto, kama kawaida. Katika mstari wa besi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Nilitoa uma wa sauti. Kwa wasiojua, ni kichuma chenye meno mawili. Ukikigonga gotini kinatoa noti ya A, ileile siku zote. Kiongozi hauonyeshi kwa watu. Anaugonga, anausimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, noti inaingia kichwani mwake peke yake, naye anaitafuta humo Do ya wimbo na kuwagawia waimbaji. Tumefundishwa hivyo wote.

Nikaugonga. Nikauweka kwenye mfupa wa upande wa kulia, upande mzima. Nikatoa Do.

Hawakuishika mara moja. Soprano wa mbele, mama mwenye uzoefu kunishinda, alitazama mezani badala ya kunitazama mimi. Waimbaji wawili wa tena wakatazama hukohuko. Nikafuata macho yao. Yalikuwa yanamtazama shemeji, na shemeji alikuwa anatazama sakafu.

Nilidhani ni woga wa mtihani. Nikarudia noti, kwa sauti kubwa kidogo. Wakaishika.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Naweza kusema ulikuwa mzuri.

Ubeti wa pili Fundi akaingia na kinanda, na vitu viwili vikagongana humo chumbani kama milango miwili kwenye upepo. Kwaya ilikuwa juu, kinanda kilikuwa chini, nusu toni kati yao. Alto waliyumba. Mmoja alikwenda na kinanda, wenzake wakabaki nami.

Nilisimamisha wimbo kwa mkono. Nikamgeukia Fundi. Nikasema maneno ambayo ningelipa kuyarudisha.

"Samahani, Fundi. Kinanda chako kimeshuka."

Hakuna aliyecheka. Nilitegemea angalau mtu acheke.

Fundi aliondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani. "Nimekikaza leo asubuhi," akasema taratibu. "Nilikuwa peke yangu, hapakuwa na kelele. Kwa hiyo, Mwalimu, mmoja wetu amepotoka, na si kinanda."

Mwenyekiti alisema jopo lipumzike kidogo. Nikatoka chumbani hadi ukumbini, kwaya ikatoka nyuma yangu, na hakuna aliyesimama karibu nami. Walijikusanya karibu na ngazi, wanaongea kwa sauti za chini. Nilipotazama, walinyamaza wote kwa pamoja. Ni kwaya nzuri. Hunyamaza pamoja.

Shemeji alitoka kama anayekwenda msalani. Akasimama mbele yangu, mgongo wake kwa wengine.

"Uma uliuweka wapi?"

Nikamwonyesha mfupa wa nyuma ya sikio la kulia.

"Na la kushoto umeliziba."

Nilimuuliza amejuaje.

"Wote tunajua. Sasa ziba hilo la kulia kwa kidole, toa nta ya kushoto, ufumbe mdomo uvume. Unajisikia upande gani?"

Nilivuma. Nawe msomaji jaribu hapo ulipo: ziba sikio moja kwa kidole, fumba mdomo, vuma. Sauti yote itahamia kwenye sikio lililozibwa. Hewa haiingii pale, lakini mfupa hauna kizuizi, na sikio lililofungwa hupokea ya mfupani kuliko lililo wazi.

Nilibadilisha kidole, nikaziba kushoto. Sauti ikahamia kushoto, na ikapanda.

Mwaka mzima nilikuwa nimeliziba sikio bovu ili nisilisikilize, halafu nachukua uma, nauweka kwenye mfupa, na kulipelekea lenyewe noti ya kwaya nzima. Mtu asiyefundishwa kazi yetu angeuweka uma hewani, mbele ya sikio zuri, akapata noti sahihi. Ilihitajika elimu kukosea namna ile.

Hapo nikamkumbuka daktari wa masikio. Alinisimamishia uma wake kwenye paji la uso, akaniuliza naisikia wapi. Nikamjibu, "Hiyo ni C, lakini imeshuka kidogo." Akacheka, akasema hajawahi kupata jibu hilo, akaendelea na mengine. Swali lake lilikuwa la upande. Sikulijibu, naye hakulirudia.

"Kama mwaka mzima natoa noti ya juu," nikamuuliza shemeji, "mbona hamkuniambia, na mbona mliimba sawa?"

Aligeuka kwanza kuona kama kuna anayesikiliza. Kisha akanieleza yote, kwa sauti ile ya chini inayompa jina lake.

Mara ya kwanza ilikuwa mazoezi tu, mara baada ya homa. Nilitoa noti, wakaisikia iko juu, wakadhani nimechoka. Mara ya pili wakatazamana. Mara ya tatu, nilipokuwa nimekwenda kufunga dirisha, wakakubaliana. Mimi nitatoa noti yangu. Yeye, akiwa nyuma katika besi, atavuma iliyo sahihi, chini kabisa, mdomo umefumbwa. Wote watashika yake. Alisimama kushoto kwangu, upande wa nta, na mimi sikusikia kitu.

Hivyo ndivyo kwaya ilivyoimba vizuri kuliko miaka yote.

"Na hakuna hata mmoja aliyeona vyema kunieleza."

"Nani akueleze? Kiongozi hasahihishwi noti mbele ya kwaya."

"Na nyuma ya kwaya?"

"Nyuma ya kwaya wewe ni shemeji yangu," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Alinieleza pia kwamba asubuhi ile alipoitwa mezani alitafuta sababu ya kukataa. Sababu ya kweli ilikuwa moja tu, na kuitaja ilikuwa ni kunimaliza. Akakaa. Wengine wakabaki bila mtu wa kuwavumia, na hakuna aliyethubutu kuchukua nafasi yake mbele ya mwenyekiti.

Watu wa kwetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema itakuwaje akifichiwa na wengine.

Nilimuuliza jambo moja la kazi. Kuanzia leo uma nikiutumia hewani, kwenye sikio la kulia, si noti zitakuwa sawa?

"Zitakuwa sawa. Na watoto watakaosimama kushoto kwako?"

Nikiziba, nusu ya darasa haipo. Nikizibua, darasa lote linaimba mara mbili, na sijui lipi ni la kweli. Nililigeuza jambo hilo kila upande pale ukumbini, na kila upande lilikuwa vilevile.

Shemeji alisogea karibu zaidi. Mwenyekiti yuko upande wangu, akasema, anadhani ni woga tu. Fundi atakataa. Kura ya tatu ni yake yeye. "Wataniuliza kama nimewahi kusikia kosa kwako, kwa sababu naimba chini yako," akasema, "na nitasema sijawahi."

"Utakuwa umesema uongo, shemeji."

"Uongo nimeuvuma mwaka mzima. Leo nausema tu." Alijaribu kutabasamu, haikuja. "Ukitoka wewe pale shuleni, anaingia nani? Hesabu. Wale watoto wachague mwalimu wa sikio moja au wasiwe na mwalimu kabisa. Fikiria hilo, acha kufikiria kanuni."

Nililifikiria. Nilitaka awe na haki. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo ninaloweza kulithibitisha bila kuuliza mtu.

Tuliitwa ndani kabla sijamjibu. Nta ilikuwa bado mkononi. Niliifunga kwenye leso, na niliingia masikio yote mawili yakiwa wazi.

Mwenyekiti alinitaka nisimame mbele ya meza. Kwanza akamgeukia shemeji. Akamuuliza, kwa kuwa ameimba chini yangu miaka sita, kama amewahi kusikia nikitoa noti isiyo sahihi.

"Sijawahi," akasema Besi.

Alisema wazi, bila kukohoa. Kama nisingekuwa ukumbini dakika chache kabla, ningemwamini.

Fundi alimgeukia. "Hata mara moja?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, Mzee. Mtu akitahiniwa hutetemeka."

Mwenyekiti akaitisha kura. Kwanza wanaokataa. Fundi akainua mkono, akaushusha. Kisha wanaokubali. Mwenyekiti akainua wake. Shemeji akainua wake.

Wawili kwa mmoja. Mwenyekiti akashusha mkono, akafungua kalamu, akavuta cheti karibu. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa, kwa mwandiko mzuri. Niliweza kulisoma nikiwa nimesimama.

"Nimeshindwa kura, nakubali," Fundi akasema. "Lakini kwa kanuni, mpaka sahihi itiwe mtahini ana haki ya kuuliza. Nina swali moja. La darasa la kwanza."

Mwenyekiti alisema ni haki yake, na aulize haraka.

Fundi aliinuka, akaenda kwenye kinanda. Aliketi mgongo wake ukiwa kwangu, mabega yake mapana yakaficha mikono. Mwenyekiti aligeuka kumtazama.

Swali lenyewe nalijua. Nimewauliza watoto kila mwanzo wa mwaka, wakiwa wamefumba macho, kabla hawajafundishwa chochote. Anayekosa namwambia asikilize tena, asiogope, ni muziki tu.

Fundi akapiga. Sauti ikatoka, ikakaa hewani, ikaanza kufifia.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "nimepiga noti ngapi?"

Shemeji hakuwa ameshusha mkono wa kura. Ulikuwa bado juu, nyuma ya bega la mwenyekiti, ambako mimi peke yangu nilikuwa nauona. Taratibu akakunja kidole gumba. Akakunja cha mwisho, na cha pete, na cha kati. Kikabaki kimoja, kimesimama wima, na juu ya kidole hicho uso wake ukinisihi.

Nilikiona vizuri sana. Macho yangu hayana kasoro.

"Mbili," nikasema.